Shairi Lisilo na Ukurasa

Shairi lililoandikwa lina kitu ambacho shairi la mdomo halina, nacho ni mahali. Sauti hutoka ikapita. Herufi huwekwa ikakaa. Kwa muda wa karne nyingi mahali pa kukaa herufi palikuwa uso bapa wa kitu fulani, jiwe au ngozi au karatasi, wala hapakuwa na haja ya kupafikiria sana. Katika miaka hii sitini hivi iliyopita pameongezeka mahali pengine. Ni chumba kisichokuwapo, kinachotengenezwa na kompyuta mbele ya macho ya mtu, akakiona kimemzunguka pande zote, akaweza kugeuka ndani yake na kukitembelea. Katika Kiswahili cha leo chaitwa uhalisia pepe. Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza jinsi washairi na wasanifu wa herufi walivyoingia chumbani humo, na kitu gani walikiacha mlangoni.

Walichokiacha ni ukingo. Ukurasa una pande nne, na ndani ya pande hizo mshairi ana mali mbili, wino na weupe. Wino husema na weupe hunyamaza. Msomaji hujua pa kutua kwa kuwa mstari umekatika na weupe umeanza. Chumba cha uhalisia pepe hakina pande za namna hiyo. Msomaji akiinua uso huona anga, akigeuka huona yaliyo nyuma yake, na nafasi tupu imeenea kila upande kwa kipimo kimoja. Mshairi aliyezoea kunyamaza kwa kuacha nafasi hukuta kwamba nafasi haimtii tena. Kwa maoni yangu, historia ya herufi za mashairi katika chumba hiki ni historia ya watu waliotafuta mahali papya pa kuweka kimya. Wachache walipapata. Walio wengi hawakutambua hata kwamba kimepotea.

Ukubwa wa hasara hiyo haupimiki bila kurudi kwa mtu aliyeipima thamani ya weupe kuliko wote waliomtangulia. Huyo ni Stéphane Mallarmé, Mfaransa aliyejipatia riziki kwa kufundisha Kiingereza shuleni. Mwezi wa Mei mwaka 1897, katika jarida lililoitwa Cosmopolis, alitoa shairi lijulikanalo kwa kifupi kama Un coup de dés, yaani mtupo wa dadu. Sentensi yake kuu imepigwa chapa kwa herufi kubwa kuliko zote, nayo imetawanywa toka mwanzo wa shairi hadi karibu na mwisho wake. Kati ya maneno yake zimepita sentensi nyingine za herufi ndogo zaidi, zilizosimama na zilizolala, kama vijito vinavyoingia mtoni. Katika dibaji fupi mshairi alieleza kwamba mtu atakayependa kulisoma kwa sauti ayachukue maandishi hayo kama nota za muziki: ukubwa wa herufi umwambie uzito wa neno, na mahali pa neno, juu au chini ya ukurasa, pamwambie sauti ipande au ishuke.

Jarida halikuweza kumpa yote aliyoyataka. Alitaka kurasa mbili zinazotazamana zihesabiwe kuwa ukurasa mmoja, mstari uvuke mshono wa kitabu bila kukatika, na shairi zima lienee juu ya jozi 11 za kurasa. Kwa hiyo akashirikiana na Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa picha, kutayarisha kitabu kikubwa katika kiwanda cha uchapaji cha Firmin-Didot, chenye michoro ya Odilon Redon. Karatasi za majaribio zilitoka, naye akazisahihisha kwa mkono wake, akisogeza neno hili kidogo kushoto na lile kidogo chini. Mwezi wa Septemba mwaka 1898 akafariki, na kitabu hakikutoka. Paul Valéry, aliyekuwa kijana wakati huo, alisomewa shairi hili na mwenyewe kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, kisha akaonyeshwa jinsi lilivyopangwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1920, alikuwa bado anaandika juu ya mshangao wa siku ile. Jambo lililomshangaza ni kwamba ameona kimya kwa macho.

Kwa nini haja hiyo ilizuka wakati ule na si kabla? Msomaji wa tenzi ana njia ya mkato ya kulielewa jambo hili. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vyenye kina kimoja na cha nne chenye kina kinachorudi kila ubeti hata mwisho. Waandishi wa zamani wa pwani yetu, walipoziandika tenzi kwa hati za Kiarabu, aghalabu walivipanga vipande hivyo katika mstari mmoja au miwili na kuvitenga kwa alama ndogo. Hakuna kilichopotea, maana kina kilitosha kumwambia msomaji hapa tua. Kimya cha utenzi kimo sikioni. Ufaransa nayo ilikuwa na hesabu yake, mstari wa silabi 12 wenye vina, na hesabu hiyo ilishika hadi Victor Hugo alipokufa mwaka 1885. Mara baada yake vijana wakaanza kuivunja. Sikio lilipopokonywa kigingi chake, jicho lilipewa kazi ambayo halikuwa limezoea, na karatasi ikawa mhasibu wa vituo. Hiyo ndiyo sababu ushairi wa mistari huru umeshikamana na ukurasa kuliko ushairi wowote uliotangulia, na ndiyo sababu umeumia zaidi ukurasa ulipoondolewa.

Waliomfuata Mallarmé nitawapitia upesi, kwa kuwa wanajulikana. Guillaume Apollinaire alitoa Calligrammes mwaka 1918, mwaka aliokufa, na ndani yake limo shairi la mvua ambalo herufi zake zinateremka ukurasani kwa michirizi mitano. Mwaka 1953 Eugen Gomringer alitoa mashairi yake aliyoyaita makundi ya nyota. Moja mashuhuri ni neno lenye maana ya kunyamaza, limerudiwa mara 14, na katikati pameachwa pengo. Mjini São Paulo, Brazili, ndugu wawili Augusto na Haroldo de Campos pamoja na Décio Pignatari waliunda kundi la Noigandres mwaka 1952, wakaanza kupanga maneno kwa rangi na kwa mahali badala ya sarufi. Wote hao walilisukuma shairi likafika ukingoni mwa karatasi. Hakuna aliyeuvuka.

Mwaka 1968 mwanasayansi Ivan Sutherland, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika juu ya chombo alichokitengeneza cha kuvaliwa kichwani. Kilikuwa kizito hata ikabidi kuning'inizwa kutoka darini. Kilionyesha michirizi ya nuru tu, na miongoni mwa vitu vilivyochorwa kwa michirizi hiyo kulikuwa na chumba. Ili mtazamaji ajue ametazama upande gani, kuta nne ziliandikwa herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya pande nne za dunia, na dari na sakafu zikapewa herufi zake. Yafaa tulikumbuke jambo hili dogo. Herufi iliingia chumbani siku ya kwanza kabisa, kabla ya kiti na kabla ya mti. Ila iliingia kama kibao cha njia panda. Imechukua muda mrefu kuitoa katika utumishi huo.

Mshairi aliyeonyesha kwamba herufi inaweza kukaa hewani na bado ikawa shairi alitoka Brazili vilevile. Mwaka 1983 Eduardo Kac alianza kutunga mashairi ya hologramu, yaani picha za nuru zenye kina. Katika mashairi hayo neno hubadilika kwa kadiri msomaji anavyosogeza kichwa. Pengine jicho la kushoto huona herufi moja na jicho la kulia nyingine, na ubongo ukabaki unazipatanisha. Hapa kimya kimepata makao mapya, nayo ni pembe ambayo hakuna kinachosomeka. Msomaji akisimama mahali fulani huona mng'ao usio na neno, akisogea hatua nusu neno laja. Ni uvumbuzi mkubwa, ingawa mashairi yenyewe ni mafupi kama pumzi moja.

Mjini Cambridge, Marekani, katika taasisi ya MIT, swali hilohilo liliendewa kwa njia ya wapiga chapa. Muriel Cooper alikuwa msanifu wa vitabu, aliyeisanifia MIT Press vitabu vingi na pia alama yake ya mistari iliyosimama, kabla ya kuanzisha karakana ya utafiti wa lugha ionekanayo. Mwaka 1994, miezi michache kabla ya kifo chake, alionyesha hadharani maandishi yaliyopangwa katika nafasi yenye kina, ambayo msomaji aliruka ndani yake kama ndege apitaye kati ya majani. Mwanafunzi wake David Small alipanga tamthilia zote za Shakespeare, maneno kiasi cha milioni moja, katika mandhari moja. Kwa mbali ni vitalu vya rangi, kwa karibu ni mistari. Tatizo lake lilikuwa maelezo ya pembeni, ambayo kitabuni huwekwa chini ya ukurasa. Aliyaweka kwa pembe ya nyuzi 90 na maandishi makuu. Msomaji wa tamthilia asingeyaona, kwa kuwa yalimwelekea kwa ubavu wake mwembamba. Akigeuza mandhari, maelezo hufunguka na tamthilia ikawa uzi. Ninaistahi sana kazi hii. Small alikuwa ameona kwamba katika nafasi yenye kina herufi bapa ina uwezo ambao karatasi haikuupa kamwe, yaani uwezo wa kutoweka bila kuondoka.

Jeffrey Shaw, mzaliwa wa Australia, alikuwa ameishika njia nyingine miaka michache kabla. Kazi yake iliyoitwa The Legible City, aliyoifanya na Dirk Groeneveld mwaka 1989, ilimweka msomaji juu ya baiskeli isiyosogea mbele ya skrini kubwa. Akikanyaga na kuzungusha usukani alipita katika mitaa ya Manhattan, ambayo majengo yake yote yameondolewa na mahali pake pamesimamishwa herufi. Kila hadithi ilikuwa na rangi yake, na msomaji angeweza kuifuata moja mtaa hadi mtaa au kuikata njiani na kudandia nyingine. Baadaye ilitengenezwa Amsterdam mwaka 1990 na Karlsruhe mwaka 1991, na mara hizo kila herufi ilipewa kimo cha jengo lililokuwapo. Maneno yale hayakuwa mashairi, ila mwendo wake ulikuwa wa kishairi. Maana kwa mara ya kwanza kituo kilitegemea miguu ya msomaji. Akichoka, sentensi husimama. Walakini Shaw alilipa gharama yake. Mtu aliyekwisha kuchagua njia yake mwenyewe humnyang'anya mwandishi haki ya kusema hapa ndipo pa kutua, na hadithi ambayo mwandishi hawezi kuinyamazisha hugeuka kuwa mandhari.

Hatua iliyofuata ilitokea katika vyumba vya kweli. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago walionyesha chumba kidogo ambacho kuta na sakafu yake zilimulikwa kwa picha kutoka kwenye projekta. Mtu aliingia amevaa miwani, kompyuta ikafuata kichwa chake na kuchora kila kitu kwa kadiri ya mahali aliposimama. Kilipewa jina la Cave, yaani pango. Chuo Kikuu cha Brown mjini Providence kilikuwa na pango lake, lililojengwa kwa ajili ya sayansi. Na mwaka 2002 mwandishi Robert Coover akaanza kufundisha humo somo la uandishi. Wanafunzi wa fasihi waliingizwa katika mashine ya wanajiolojia na waganga. Sijui darasa jingine la fasihi lililoanza kwa kuvua viatu.

Humo ndimo ilimotoka kazi iitwayo Screen, iliyotengenezwa na Noah Wardrip-Fruin pamoja na wenzake, Coover mwenyewe akiwa mmoja wao, kati ya 2002 na 2003. Nitakaa juu yake kidogo. Msomaji amesimama katikati, na kuta tatu zinamwonyesha maandishi juu ya kumbukumbu, huku sauti ikiyasoma. Hapo mwanzo maandishi hayajongei. Ni ukuta tu, na ukuta ni ukurasa. Kisha neno moja labanduka. Linaelea kuja kwake. Akinyosha mkono na kulipiga, hurudi ukutani. Lakini kama maneno mengine yamekwisha kutoka, huenda likarudi katika pengo lisilo lake, au likapasuka vipande. Kadiri muda unavyopita maneno hubanduka kwa kasi zaidi, na msomaji mwenye mkono mmoja hawezi kuyashinda. Yakizidi, yaliyobaki hung'oka yote pamoja, yakamzunguka, yakaanguka.

Wapo waliolalamika kwamba kazi kama hii humgeuza msomaji kuwa mchezaji wa mpira, na kwamba mtu anayepiga maneno hayasomi. Ni kweli, na ndipo ulipo uzito wake. Maandishi yanasema juu ya kumbukumbu, na mkono wa msomaji unaitetea kumbukumbu hiyo kwa kuiharibu: kila neno analoliokoa analirudisha mahali pasipo pake. Ondoa mwendo wa herufi na maana imepungua. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kazi zote za aina hii. Kimya nacho kimepata makao. Kimo katika muda, katika ule utulivu wa kwanza ambao msomaji anaukumbuka kwa uchungu pindi maneno yanapomzingira.

Katika pango hilohilo John Cayley, mshairi na mfasiri wa Kichina, alitengeneza kazi iitwayo Lens mwaka 2004. Gizani husimama herufi kubwa nyeupe. Yapo na maandishi mengine yenye rangi ya giza, ambayo hayaonekani mpaka yapite mbele ya weupe wa herufi hizo. Msomaji akikaribia, herufi moja humjaza macho, naye akajikuta anasoma shairi ndani ya mwili wa herufi. Weupe ule wa Mallarmé umerudi, safari hii umejificha tumboni mwa alama.

Kuanzia mwaka 2013 vyombo vya kuvaa usoni vilianza kuuzwa kwa watayarishaji wa programu wa kila namna, na watu wengi wakadhani kwamba sasa pango liko mezani. Kwa upande wa herufi ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Hesabu yake ni nyepesi. Chombo cha kwanza cha kampuni ya Oculus kilikuwa na pikseli 1280 kwa upana, zikigawanywa kwa macho mawili. Kila jicho lilipata 640 za kutandaza juu ya nyuzi 90 hivi za mwono, yaani kama pikseli 7 kwa kila uzi mmoja. Jicho zima linaweza kutofautisha kiasi cha 60. Herufi inayohitaji pikseli 7 kwa kimo ili itambulikane ingechukua uzi mzima, sawa na kimo cha sentimita 3 na nusu kwa umbali wa mita 2, mara nne ya herufi ya kitabu kishikwacho mkononi. Nukta ndogo, mikia myembamba na tofauti ya unene ambayo ilikuwa fahari ya chapa ya Didot, vyote vilipotea katika chengachenga. Chombo kilichotoka mwaka 2020, Quest 2, kiliongeza hesabu hiyo mara tatu hivi, na bado kitabu hakijafikiwa.

Ipo na sheria ya lenzi. Katika vyombo vingi vya aina hii picha huonekana kwa makini katika umbali mmoja tu, kati ya mita 1 na 2. Neno likiletwa karibu na uso, macho mawili hupindana kulifuata, ilhali lenzi ya jicho hubaki imelenga kule mbali. Baada ya muda kichwa huuma. Hivyo mshairi anayetaka kumnong'oneza msomaji kwa kumletea neno puani hana budi kufanya haraka. Njia moja iliyowasaidia wasanifu ilitoka kwa watengenezaji wa michezo: mwaka 2007 Chris Green wa kampuni ya Valve alieleza namna ya kuhifadhi herufi ambayo haiweki picha yake, bali umbali wa kila nukta kutoka ukingoni mwa herufi, hata ikikuzwa mara nyingi ukingo ubaki safi. Sasa herufi ina ukingo mkali kuliko wakati wowote. Chumba ndicho ambacho bado hakina.

Na katika wingi wa kazi za miaka hii nimeona kosa moja likirudi. Beti za mtu aliyekufa zamani huchukuliwa, zikapewa unene kama matofali, zikatundikwa juu ya bahari yenye machweo, na msomaji akaambiwa atembee kati yake. Herufi nene ikitazamwa kwa ubavu haisomeki, kwa hiyo msanifu huigeuza imfuate msomaji kila aendako, na shairi likawa kama kundi la alizeti linalomkodolea macho. Mtu hawezi kutua mahali ambapo kila neno linamtazama kwa wakati mmoja. Angejengewa ukuta mtupu, akasubirishwa kidogo, angesoma zaidi.

Liko na jambo la kudumu kwa kazi hizi, ambalo linanitia hofu kuliko suala la urembo. Un coup de dés ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1914, miaka 16 baada ya kifo cha mwenyewe, na wapiga chapa wa wakati huo walitumia herufi zisizokuwa zile alizozichagua. Kosa hilo lingeweza kuwa la milele. Lakini karatasi za majaribio zilikuwa zimehifadhiwa, zenye masahihisho ya mkono wake, na mwaka 1980 Mitsou Ronat akalitoa shairi upya kwa kuzifuata. Miaka 83 ilikuwa imepita, na bado mtu aliweza kuchukua rula akapima nafasi kati ya neno na neno. Kwa Screen hakuna cha kupimwa kwa rula. Iliandikwa kwa ajili ya kuta za chumba kimoja na kompyuta za wakati mmoja, na mwaka 2015 chuo cha Brown kilifungua chumba kipya cha namna nyingine. Asiyewahi kuingia pangoni hubakiwa na maelezo ya watengenezaji na filamu fupi, iliyopigwa kwa jicho moja la kamera, ambamo mtu amesimama kwa kisogo, amenyosha mkono, na maneno yanayomjia hayana kina.